Siku Protais Alipokula

Jumamosi moja ya Mei 2011, Laurence alifuta ubao wake kwa kitambaa chenye maji, akaandika kwa chaki chakula cha mchana: supu ya vitunguu, chungu cha nyama, pai ya tufaha. Mgahawa wake ulikuwa kwenye mtaa wa nyuma ya Kituo Kikuu cha Stockholm, chumba kimoja chenye meza chache na vitambaa vya madrafti mekundu. Alikuja Uswidi akimfuata mwanamume. Mwanamume akaondoka, vyungu vikabaki. Alipika kama mama yake alivyopika Ufaransa, na bei yake haikumtisha mtu. Ndiyo maana mahujaji wa kikundi cha sala cha Tensta, kitongoji cha Stockholm, walikula kwake kila mwaka kabla ya kupanda treni.

Wengi wa kikundi cha sala walikuwa wametangulia asubuhi. Waliobaki walikuwa wanne. Dancille, mjane wa Kirundi, msafishaji wa ofisi kule Kista. Binti yake Kelly, aliyezaliwa kambini Kigoma miezi michache baada ya baba yake kuchukuliwa. Ludovic, Mkongo wa Uvira, dereva wa basi mwenye mdomo usiojua likizo. Na Mzee Protais, kiongozi wao, fundi wa kiwanda cha malori Södertälje, aliyetoka kilima kimoja na Dancille.

Walikuwa wakienda Mjölby kwa treni, kisha kwa miguu hadi Vadstena, kwenye mifupa ya Mtakatifu Birgita. Kila mwaka Dancille alitembea na ombi lile lile. Mumewe Gratien alitolewa nyumbani mwaka wa tisini na tatu, wakati wa mauaji kule Burundi, na hadi leo mama huyu hakujua alilazwa wapi. Kwao msiba huondolewa kwa sherehe, watu wakanywa pamoja, mjane akarudi kucheka mbele za watu. Huwezi kuondoa msiba wa mtu usiyemzika. Mifupa ya Birgita ilijulikana ilipo kwa karne na karne, imewekewa sanduku zuri, watu wakaitembelea wakiwa wamevaa soksi nene. Dancille alimwonea wivu mtakatifu huyo, na wivu huo aliuungama kila Pasaka.

Kula mgahawani kulikuwa wazo la Dancille. Gratien alikuwa mwalimu wa Kifaransa, na somo alilolipenda ni lile la mgahawani. Watoto peku walisimama mmoja mmoja wakaagiza supu, nyama na jibini kwa sauti kubwa, ilhali mwalimu mwenyewe hakuwahi kuingia mgahawani maishani mwake. Alimwahidi mkewe kwamba siku moja wataingia pamoja.

Laurence alileta chungu akakiweka katikati ya meza: nyama iliyolainika, karoti, vitunguu vya liki, viazi, na mfupa wenye uboho. Kila mtu alijichotea. Mzee Protais alisukuma sahani yake pembeni, akafungua kopo lake la plastiki lenye wali mkavu.

"Hata leo, mzee?" Ludovic aliuliza. "Bon. Wewe utaingia mbinguni na njaa."

Protais alitabasamu akatafuna wali. Hakuna aliyewahi kumwona akila chungu kimoja na watu wa kikundi. Kwenye ubatizo, kwenye arusi, hata kwenye chai baada ya misa, alikuja na kopo lake. Watu walisema anafunga. Wakasema mtu anayefunga mwaka mzima hapatikani ovyo, wakamchagua kiongozi, na Dancille alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Warundi wote wa Tensta walijua kwamba mtu aliyemwaga damu ya nyumba fulani hali chungu kimoja na watu wa nyumba hiyo, kwa maana atavimba tumbo afe. Walilijua hilo vizuri, ila hawakulifikiria, kwa sababu wali mkavu ulifanana mno na utakatifu.

Walipokuwa katikati ya kula mlango ulifunguka, akaingia Gratien. Alikuwa kijana kama alivyoondoka. Viatu vyake vilikuwa na udongo mwekundu, na macho yake yalikuwa yamefungwa kwa mkono wa shati lake mwenyewe. Alipapasa viti kimoja kimoja. Laurence, aliyezoea wateja wa kila aina, alimshika kiwiko akamkalisha baina ya Dancille na Protais, akamwekea sahani na uma.

"Garçon, s'il vous plaît," Gratien alisema, akimwita mhudumu wa kiume kama alivyofundisha.

"Mimi ni mwanamke, bwana," Laurence akamjibu kwa Kifaransa.

"Kitabu hakikuwa na mwanamke."

Ludovic alisogeza chungu. "Ukae vizuri, mwalimu. Nyama iko mingi."

Dancille alimtambua kwa sauti kabla ya kumtambua kwa uso. Alikuwa amemzidi mumewe miaka mingi sasa, na jambo la kwanza lililomjia lilikuwa aibu ya mvi zake. Kisha akakumbuka kwamba hamwoni.

"Umekuja," alimwambia.

"Nilisikia harufu. Na sauti yako. Nani huyu anayepumua mbele yangu?"

Kelly alinyoosha mkono, kama wanavyofanya shuleni kwao. "Hej. Kelly," alisema, na baada ya hapo akaongeza mengine kwa Kiswidi, haraka haraka, machozi yakimlengalenga.

"Anasema nini?" Gratien aliuliza.

"Anasema anaitwa Kelly, binti yako. Anasema anafurahi kukuona."

"Kelly ni jina la wapi?"

"La kambini," Dancille alisema. "Tulikuwa na redio."

Gratien aliushika mkono wa binti yake muda mrefu, akiupima kidole kwa kidole. Halafu akala. Alikula supu, akala nyama, akafyonza uboho kwa mlio ambao ungemtia aibu mwanafunzi wake yeyote. Dancille aligusa fundo la shati lililokuwa kisogoni kwa mumewe. Lilikuwa gumu kama mzizi, na halikulegea.

"Liache," Gratien alisema. "Nilipelekwa hivi hivi. Tulishuka, tukapanda, tukavuka maji. Walipomaliza sikujua niko wapi, na sijui mpaka leo. Ningekuambia, mama. Ndiyo maana sikuja mapema, sikuwa na cha kukuambia."

"Nani anajua?"

"Aliyefunga hili shati. Alikuja kunichukua akisema mkuu wa zoni, mtu wa serikali, ananihitaji. Nilimwachia avute kiti, akanywa bia kwanza." Aligeuza uso uliofungwa upande wa Protais. "Mbona huyu hali nanyi?"

"Anafunga," Ludovic alisema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake.

"Hafungi. Anaogopa kuvimba."

Protais alifunika kopo lake. Miaka yote hiyo alikuwa amesema kwamba yeye na Gratien waliachana kwenye kivuko, wakiwa wazima wote wawili, na Dancille alikuwa amelia begani kwake kwa ajili ya maneno hayo. Sasa mama huyu alitazama lile kopo la plastiki, likiwa na mfuniko wa buluu, akaielewa kila sherehe ambayo lilikuwa limehudhuria. Alimchukia papo hapo, kwa nguvu zake zote, na chuki hiyo ikampa utulivu.

Gratien alikisukuma chungu, akapapasa mpaka kikamfikia Protais.

"Sitaki ufe," alisema. "Kufa kwako hakunifikishi popote. Sema mliniacha wapi. Ukisema, ule na sisi, na mimi nitakuwa wa kwanza kusema mtu huyu amekula na nyumba yangu. Hivyo ndivyo tunavyofanya. Kusema kwanza, kula baadaye."

Mgahawani kulikuwa na wateja wengine wawili, wazee wa Kiswidi, nao waliomba chumvi. Laurence aliwapelekea. Protais alitazama chungu. Midomo yake ilifunguka, na Dancille akainama kulisikia jina la mahali: la kijito, la bonde, la shamba la mtu, jina lolote.

Protais alichukua kipande cha mkate, akakichovya kwenye mchuzi, akala.

Wote walimtazama tumbo. Yeye mwenyewe alijitazama, mkono mmoja kwenye mshipi. Walingoja. Hakuvimba. Alichovya tena. Akachota karoti, akachota kiazi, kisha akachota nyama, na uso wake ukalegea taratibu kama wa mtu aliyevua viatu vya kubana. Alikuwa na njaa ya miaka kumi na minane. Aliomba mkate mwingine.

"Wamekula pamoja," Ludovic alisema hatimaye, akihema. Ndilo alilolitaka, ugomvi uishe na treni isiwaache. "Mmeona wote? Chungu kimoja. Merci Seigneur, asante Bwana, imekwisha."

"Wapi?" Dancille aliuliza.

Protais alipangusa masharubu kwa kitambaa. "Mama Kelly," alisema kwa upole, "tumekwisha kula pamoja. Kuulizana tena kwa nini?"

Alisimama, akavaa mkoba wake mgongoni, akamshukuru Laurence kwa Kifaransa safi. Ludovic alimfuata bila kumtazama Dancille usoni.

"Mamma, tåget," Kelly alisema. Treni. Mama yake hakuinuka, naye Kelly akakaa tena.

Kule Vadstena Protais aliongoza rozari, na watu wanasema hakuwahi kusali vizuri hivyo. Habari ya chungu ilifika Tensta kabla ya mahujaji kurudi. Walikula pamoja, watu walisema, wamepatana, Mungu ni mwema. Dancille alikwenda kwa padri, akaenda kwa wazee, akawaambia wote kwamba Protais hakusema walimwacha wapi. Walimshika mkono wakamwambia asirudishe mambo nyuma, shahidi yupo, mtu alikula na hakuvimba. Siku hizi Protais huwahi kwenye kila ubatizo na hupewa sahani ya kwanza. Amenenepa kidogo. Kikundi kimemchagua tena.

Gratien hakuweza kurudi, kwa kuwa hakujua arudi wapi. Amebaki kwa Laurence, kwenye meza ya dirishani, macho yamefungwa vile vile. Laurence halalamiki ila kwa udongo mwekundu kwenye kitambaa, ambao hautoki hata kwa maji ya moto. Jumamosi Dancille huchukua treni ya chini ya ardhi kutoka Tensta akaketi naye. Kelly akija humfundisha baba yake Kiswidi, na mwalimu hukosea ngeli zote.

Kabla ya chakula Gratien huuliza, "Amesema?"

"Bado."

Basi hunyoosha mkono, akapapasa meza mpaka aupate mkate, akamkatia mkewe nusu.