Mguu Uliojinyoosha Njiani Kwenda Butiama

Mama unayempa mgonjwa wako dawa kwa mkono wako mwenyewe, kaa hapa usikie yaliyompata Wankyo wa Kamunyonge, mjini Musoma. Alikosea kwa sababu ya upendo, na kosa la namna hiyo halionekani mpaka mtu aumie.

Binti yake Marcelina, muuza dagaa katika soko la Mwigobero, alikuwa na miaka arobaini na mmoja alipoambiwa ana Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa. Mkono ulitetemeka kidogo tu. Kilichomtesa ni mguu wa kushoto. Kila asubuhi vidole vilijikunja kama vinang'ang'ania tope, kifundo kikageukia ndani, maumivu yakapanda mpaka gotini. Alishuka kitandani kwa kushika ukuta, akilia bila sauti ili mama yake asisikie. Mama yake alisikia.

"Huo mguu umeteguka," Wankyo akasema.

"Haujateguka, mama. Ni ugonjwa."

"Ugonjwa uko kichwani, daktari alisema mwenyewe. Kichwa na mguu wapi na wapi?"

Akaukanda kwa maji ya moto, akaufunga bendeji mpaka ukavimba. Na kila saa kumi na mbili asubuhi alileta kidonge pamoja na kikombe kikubwa cha uji wa maziwa, uliokorogewa dagaa wa kusaga. Dawa kali haimezwi tumbo tupu, alisema, itamchoma mtoto utumbo. Marcelina alimeza, akanywa uji wote, wakakaa kusubiri mguu uachie. Siku nyingine ilifika saa nne haujaachia.

Basi Wankyo akaamua. Alhamisi wangekwenda Butiama kwa mzee Nyamhanga, fundi wa mifupa, auvute urudi mahali pake.

"Akinivunja je?" Marcelina akauliza.

"Hakuvunji. Mimi nilizaa mtoto mwenye mguu ulionyooka, na ndio ninaoutaka."

Alhamisi hiyo gari la kukodi lilikuja mapema mno, saa kumi na moja alfajiri, hata moto haujawashwa. Marcelina akameza kidonge kwa maji matupu akiwa bado kitandani, wakambeba mpaka kwenye gari. Njiani akasinzia.

Walipofika, Nyamhanga alikuwa ameshatandika mkeka, vijiti vya mwanzi na vitambaa viko tayari, na wanaume wawili wa kumshika mgonjwa. Akauchukua mguu, akailegeza bendeji, akakipapasa kifundo, akavigusa vidole kimoja kimoja, vyote vimenyooka. Akatazama juu.

"Mguu wenyewe ndio huu?"

"Ndio huo."

"Au mmeniletea ule mzuri, mbovu mmeuacha Musoma?"

Marcelina akacheka. Wankyo hakucheka.

"Vuta tu, mzee. Asubuhi ulikuwa umepinda, nimeuona kwa macho yangu."

"Mama, mfupa uliotoka haurudi wenyewe ndani ya gari. Nikiuvuta huu, mimi ndiye nitakayeutoa. Sivuti."

"Kwa hiyo tumekuja bure?"

"Leo mmefanya nini ambacho jana hamkufanya?"

Mama na binti wakatazamana. Wankyo alitaja safari, akataja baridi ya alfajiri. Ni Marcelina aliyesema polepole, "Sijanywa uji."

Kesho yake wakaenda Bunda, kwenye kliniki Marcelina anakochukulia dawa. Nesi Consolata aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Mama, maziwa na dagaa ni chakula kizuri, ila kwa wagonjwa wengine vinagombania mlango mmoja na dawa hii. Vikitangulia, dawa inachelewa. Ikichelewa, mguu unakaza. Si niliwaambiaga maji, nusu saa kabla ya kula?"

"Uliniambia," Wankyo akasema. "Nikaona unamwonea mwanangu."

Consolata akaifungua ile bendeji. Akamwonyesha Marcelina namna ya kupitisha kanga chini ya vidole na kuvuta taratibu, akamwambia atafute viatu vipana. Uji aunywe, ila baadaye. Dawa bila chakula ikimletea kichefuchefu, waje waseme, wasitunge dawa yao nyumbani.

Ugonjwa haujaondoka. Ziko siku mguu unakaza hata dawa ikimezwa sawasawa, na Marcelina anarudi mapema kutoka sokoni. Lakini asubuhi nyingi saa mbili yuko Mwigobero, amefika kwa miguu yake miwili, na Wankyo husimama mlangoni akimtazama mpaka akate kona, akimshukuru Mungu. Mwili unamsisimka kila akikumbuka wale wanaume wawili na ule mkeka.

Jumamosi moja akapeleka jogoo Butiama. Nyamhanga akampokea akishangaa.

"Mama Marcelina, sijawahi kulipwa kwa kazi niliyoikataa."

"Basi pokea, mzee. Nimekuja kukushukuru kwa hiyo hiyo uliyoikataa."