Mshumaa Chini ya Dirisha

Fundi cherehani hakuwahi kupewa na wifi yake hata kipande cha uzi. Kwa hiyo siku wifi huyo, mfanyakazi wa kitalu cha miche, alipomletea mmea ndani ya ndoo, roho yake ilisita. Ulikuwa mrefu kumpita yeye, umenyooka kama nguzo, una mbavu na miiba, hauna jani hata moja. Tena wifi akauweka chini ya dirisha la chumba cha kulala, kama mtu aliyekwisha kupima mahali.

"Unaitwaje huu?"

"Utaujua tu, wifi."

Jioni akamsikia wifi akinong'ona sebuleni na kaka yake, mume wa fundi. "Usimwambie. Mshumaa ukiwaka ataona mwenyewe."

Mshumaa gani? Mumewe alikuwa kinyozi, msemaji kuliko redio, lakini alipoulizwa alijibu, "Mshumaa wa nini na umeme upo?" kisha akajifanya anatafuta viatu.

Kikulacho ki nguoni mwako, fundi aliwaza. Aliujua mti mmoja wa miiba unaofanana na huo. Utomvu wake mweupe kama maziwa ukikuingia machoni, umekwisha. Na yeye macho ndiyo kazi yake.

Asubuhi mume alipotoka, akajifunga kitambaa usoni, akachukua mkasi, akakata uvimbe uliochomoza ubavuni mwa mmea. Hayakutoka maziwa. Yalitoka maji tu, yenye utelezi. Hata hivyo moyo haukutulia. Akampigia wifi simu. "Njoo uchukue mshumaa wako!"

Wifi alifika mbio, akaona mkato, akashika kichwa. "Umekata ua!"

"Ua gani? Mlikuwa mnanong'ona nini?"

"Wifi, hii ni kaktasi. Jina lake Sereusi, neno la Kilatini, yaani mshumaa wa nta, kwa vile inavyosimama wima. Yenye maziwa ni miti mingine kabisa. Hii huchanua usiku, na ua moja hukaa usiku mmoja tu. Kaka alitaka ulale unanusa kitu kizuri, maana unashinda na mafuta ya cherehani."

"Mbona hamkuniambia?"

"Ningekwambia, ungeniamini?"

Fundi akauweka mkasi chini.

Lilibaki tumba moja upande wa pili. Siku lilipokomaa, giza lilipoingia, likafunguka taratibu, jeupe, pana kama sahani. Fundi akaliinamia, akanusa huku kiganja kimeziba macho. Wifi alicheka mpaka akakaa chini.

"Nisamehe, wifi," fundi alisema, akanusa tena.