Winga wa Kushoto Hajaitikia

Katibu wa klabu, binti mwenye haraka zake, alinipa siku tatu. Klabu yetu ya mpira wa magongo inatimiza miaka hamsini, na fundi rangi anasubiri majina ya wachezaji kumi na mmoja bora wa nyakati zote ayaandike ukutani.

"Mzee, wewe ndiye kocha pekee aliyebaki," aliniambia.

Neno "aliyebaki" lilinichoma, ila nilikubali. Tangu mke wangu afariki, chumbani mwangu husikika cherehani tu, na siku nisipokuwa na nguo ya kushona, hata hiyo hunyamaza.

Kwetu jina haliandikwi hivihivi. Kocha anasoma, mchezaji anaitikia "Nipo". Akiitwa mara tatu bila kuitikia, anafutwa na kuingizwa mwingine. Utaratibu huo niliuanzisha mimi, na nilivimba kichwa sana kwa ajili yake.

Basi nikatoa daftari la namba za simu, nikaanza kupiga. Kwa kipa wetu, Komeo, alipokea binti yake.

"Baba alifariki mwaka juzi, mzee."

Nilimpa pole, nikamweleza jambo lenyewe. Akaniuliza:

"Alipokuwa akiitwa, alikuwa anasemaje?"

"Nipo."

"Basi yupo," alisema, akaanza kulia.

Beki wetu Mapengo aliitikia mwenyewe, kisha akaniuliza mimi ni nani. Nilipomaliza kumweleza akaitikia tena, kwa furaha ileile. Kufikia siku ya pili jioni nilikuwa na kumi, watano wakiwa wameitikiwa na wajane na watoto. Niliweka simu mezani, upweke ukanishika kisawasawa.

Winga wa kushoto hakuhitaji kufikiriwa. Ni Umeme, mdogo wangu wa tumbo moja. Miaka kumi na tisa hatujasemezana. Siku ya fainali nilimwita mara tatu katika chumba cha kubadilishia nguo, kimya, nikamfuta. Aliingia dakika kumi baadaye akihema, gongo mkononi. Mama alikuwa amezidiwa asubuhi ile na yeye ndiye aliyempeleka hospitali, kwa kuwa mimi, mtoto mkubwa, nilikuwa uwanjani nafunga nyavu. Kabla hajamaliza kueleza nilishajua nimekosea. Lakini timu nzima ilikuwa inanitazama, nikasema utaratibu ni huohuo kwa wote. Aliliegemeza gongo mlangoni na hakulishika tena.

Nilimpigia. Akapokea.

"Winga wa kushoto," nikasema, bila hata salamu. "Umeme."

Nilisikia redio upande wake, kisha ikazimwa.

"Wengine ni nani?"

Nikamsomea wote. Nilipofika kwa Komeo alisema, "Maskini." Nikarudi kwenye jina lake, nikamwita mara ya pili. Nikamwita mara ya tatu.

"Huyo yuko hospitali na mama," alisema taratibu, akakata simu.

Asubuhi katibu alikuja kuchukua karatasi. Akahesabu kwa kidole, akahesabu tena.

"Mzee, mbona wako kumi?"

"Nafasi ya winga wa kushoto fundi aiache wazi."

"Mpaka lini? Sherehe ni Jumamosi."

"Amempeleka mama yetu hospitali," nikamwambia. "Tutamsubiri."