Ulimi wa Mpishi

Mwezi wa saba ulikuwa unakatika tangu mke wangu apoteze ladha. Aliugua mafua makali siku nne, akapona, akarudi kazini, lakini pua na ulimi havikurudi naye. Kila alichotia mdomoni kilikuwa sawa na karatasi iliyoloweshwa. Kwa mtu mwingine ingekuwa kero tu. Yeye alikuwa mpishi mkuu wa hoteli, mtu wa kuchovya kijiko mara moja na kuuliza, "Nani kaunguza kitunguu?"

Wiki tatu za mwanzo aliwaficha wenzake, akitia chumvi kwa mazoea. Kisha siku moja supu iliyochacha ikapita mikononi mwake mpaka mezani. Wageni wakairudisha, meneja akamhamishia kwenye kuosha vyombo.

Mimi ni fundi cherehani. Sikujua namna ya kukaa tu nikimwona anaisha. Basi mteja mmoja aliponiambia kuna duka la jibini huko mashambani, jibini zinazonuka mpaka watu wanasafiri nazo vioo vya gari vikiwa wazi, nikaazima gari la shemeji na Jumapili asubuhi tukaondoka.

"Yaani unanipeleka kunusishwa soksi," alisema njiani, akacheka. Nikajipa moyo.

Duka lilikuwa chumba kimoja cha mawe kilichoungana na zizi la mbuzi. Mwenye duka, mama wa makamo aliyebabuka mikono kwa maji ya chumvi ya kulowekea jibini, alinisikiliza nikimweleza shida yetu. Hakutupa pole nyingi. Alichukua kisu na sinia, akasema, "Nifuateni huku chini."

Chini kulikuwa na chumba cha baridi ambamo jibini hukaa mpaka zikomae, zimepangwa kwenye rafu za mbao kutoka sakafuni hadi darini. Harufu ilinipiga nikashika ukuta. Mke wangu alisimama katikati, amefumba macho, anavuta pumzi mpaka mabega yanapanda. Akayafumbua. Akatikisa kichwa.

Mama yule akamkatia kipande. "Hii ina mwezi mmoja."

"Laini," mke wangu akasema.

"Ulaini sijakuuliza, dada. Ladha?"

Mke wangu akainua mabega. Mama akamkatia ya miezi minne, halafu nyingine yenye ukungu wa buluu iliyonitoa machozi nilipoionja. Nilikuwa nimemsogelea mke wangu karibu kabisa. "Vipi? Hata kidogo?"

"Labda… kwa mbali," alijibu.

Nikamgeukia mwenye duka. "Ongeza, mama. Mpe nyingine!"

Mwenye duka akaleta jibini iliyofunikwa kwa nta ya manjano. Akaimenya, akasukuma maganda pembeni ya sinia na kuanza kukata. Mke wangu hakumsubiri. Huku ananitazama mimi, alipapasa siniani, akaokota kipande, akatafuna.

"Hii sasa!" alisema. "Ina utamu wa maziwa, halafu kama karanga hivi. Naisikia, mume wangu. Naisikia kabisa."

Nilimkumbatia. Nilikuwa bado nimemshika nilipouona uso wa mwenye duka.

"Dada," alisema taratibu, "hiyo ni nta. Hailiwi."

Mke wangu akaacha kutafuna. Akaitema kiganjani, akaitazama, alama za meno zikiwa zimejipanga juu yake.

Hapo ilinipasa ninyamaze. Badala yake nikamwuliza mbele ya mtu baki, "Kwa nini umenidanganya?"

"Kwa sababu kila nikimeza unanikodolea macho. Miezi saba! Nimechoka kumezea watu wawili."

Mama yule akatufungia kipande cha kwenda nacho nyumbani. Mke wangu akakikataa kwa adabu. "Mpe atakayekisikia, mama."

Tukaingia garini. Tulipofika barabara ya lami akaanza kusema, amegeukia dirishani. "Hata wewe nimekupoteza. Naegemea shingo yako, navuta pumzi, naona kama hakuna mtu. Nilidhani ni chakula tu."

Nikabadilisha gia.

Jumatatu aliamka mapema, akavifunga visu vyake vyote sita kwenye kitambaa, akaenda kumkabidhi dada aliyeshika nafasi yake jikoni. Jioni alirudi akaniomba nimshonee aproni ya plastiki, ndefu, kwa sababu maji ya masinki yanamlowesha magoti. Nikachukua futi, nikampima. Kiuno kilikuwa kimepungua inchi tano tangu nguo ya mwisho niliyomshonea. Sikumwambia. Niliandika namba mpya juu ya ile ya zamani kwenye daftari langu la vipimo, nikaanza kukata.