Kura za Kibanjani

Alistidia alikuwa akimenya ndizi za mchana mumewe alipoingia kutoka nyuma ya nyumba, akajipangusa udongo magotini na kuuliza mkutano unaanza saa ngapi. Rweyemamu alikuwa amekufa miaka mitatu iliyopita, akazikwa humo humo kibanjani, kati ya migomba ya nyumbani, hatua ishirini kutoka jikoni, kama Wahaya wanavyozikana. Bado alikuwa amevaa lubugo, ile nguo ya gome la mti aliyozikwa nayo. Alistidia alimwekea kahawa za kutafuna, maana mgeni ni mgeni, akamwambia saa nane.

"Wanasema wote tuhamie kando ya barabara ya Muleba," alisema. "Migomba yote hii tuiache."

"Na mimi?"

"Wewe hukutajwa."

"Basi naenda kujitaja."

Uwanjani mwa shule walio hai walikuwa sitini na wawili, wafu mia nne na kitu. Kila ukoo ulikuja na watu wake kutoka kibanjani kwake, na waliokufa zamani zaidi walipewa nafasi za mbele kwa heshima. Kero ilikuwa moja tu, kwamba mabenchi hayakutosha.

Ofisa aliyetoka Bukoba aliitwa Ndugu Ndyamukama. Alikuja na muhtasari wa mkutano uliokwisha kupigwa chapa, pamoja na mahali watu walipopiga makofi. Alieleza kwa saa nzima kwamba sasa hii ni jamhuri, nchi ni ya watu, na watu ndio hao aliokuwa akiwatazama. Hakuna atakayelazimishwa. Wanaokubali kuhamia kijiji cha ujamaa wanyooshe mikono.

Walio hai walinyoosha huku wakiwatazama mgambo waliosimama kando ya gari. Alistidia hakunyoosha. Wanaokataa walipoitwa, aliinua mkono wake, na wafu wote wakainua yao. Byabato, mwenyekiti wa kijiji na mdogo wake Rweyemamu, alihesabu mara mbili, jasho likimtoka, akatangaza kwamba wanaokataa wameshinda.

Ndyamukama alishusha pumzi kama mtu aliyekuta baiskeli yake imepata pancha tena.

"Ndugu mwenyekiti, hawa wana kadi za chama?"

"Wamekufa, ndugu."

"Sikuuliza hilo. Nimeuliza kadi."

Hawakuwa nazo. Hapo akasimama mzee Lwakatare, babu yake Rweyemamu, aliyekufa enzi za Mjerumani.

"Waitu," alisema, akimwita bwana kwa Kihaya, "Mukama, mfalme wetu, hakutuuliza. Mjerumani hakutuuliza. Mwingereza naye hakutuuliza. Hatukuwashangaa, maana hakuna kati yao aliyesema nchi ni yetu. Wewe umeuliza, sisi tumejibu. Sasa kadi ya nini?"

"Mzee, jamhuri ni ya wote. Ndiyo maana haiwezi kumsubiri kila mmoja akubali."

"Basi mngeitafutia jina lingine," alisema Alistidia, na shemeji yake akamkonyeza anyamaze. Hakunyamaza kwa hofu, alinyamaza kwa kuchoka. Inaudhi, jamani, kuulizwa swali na mtu aliyekuja na jibu mfukoni.

Ndyamukama hakuwa mtu mbaya. Aliwaza kidogo, akaamua kwamba kama wafu wana uchungu kiasi hicho na jamaa zao, wahame nao. Kila mmoja atapewa kiwanja cha hatua moja kwa mbili, kwa mstari ulionyooka. Hilo aliliongeza kwa kalamu chini ya yale maneno ya chapa yaliyosema wananchi wamekubali kwa kauli moja.

Walihama Jumatatu. Wafu walibeba udongo wao wenyewe vikapuni, na Rweyemamu alimsaidia mkewe kushika upande mmoja wa kitanda. Kule barabarani ardhi ilikuwa changarawe tupu. Ilichimbwa kwa mtaimbo, na wafu warefu walilazimika kulala wamekunja miguu. Machipukizi ya migomba aliyopanda Alistidia yalikauka yote. Aliumia, lakini kila jioni alimwambia mumewe kwamba angalau walikataa mbele za watu.

Baada ya miezi minne Ndyamukama alirudi. Kijiji kilikuwa kimepimwa vibaya, alisema, kilitakiwa kuwa ng'ambo ya barabara. Hakuna atakayelazimishwa. Wanaokubali wanyooshe mikono.

Alistidia alifunika mikono yake kwa kanga, akangoja watu mia nne wakatae. Mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Rweyemamu. Ukafuata wa Lwakatare, kisha safu nzima.

"Hata wewe?" alimnong'oneza.

"Kufa nilikufa mara moja, mama Klaudia," alijibu bila kumtazama. "Kuhama ndiko sioni mwisho wake. Nyoosha mkono, twende."

Byabato alihesabu kwa sauti mpaka akamaliza. Safari hii wafu walihesabiwa, na hakuna aliyeuliza kadi.