Nafasi ya Kidole Kimoja

Mimi pikipiki naijua kuliko mafundi wengi. Naijua kwa kuifuta vumbi tu, na siku niliyojaribu kuikalia ikiwa imezimwa, tulianguka wote wawili, ikabidi majirani waje watutenganishe.

Ilikuwa ya kitindamimba wangu. Aliileta ikiwa mpya, siti bado ina nailoni, akawa anaiendesha polepole mpaka baiskeli zinampita. "Mama, injini mpya ni kama mtoto mchanga, haikimbizwi," alikuwa akisema. Jioni anaiegesha uani, anakaza nati moja moja, maana pikipiki mpya hulegea kwa mtikisiko, na mkewe anamshikia tochi. Walivyokuwa wakicheka pale, nilijiuliza kama nati nazo zina vichekesho.

Oili ya kwanza ilikuwa haijabadilishwa kifua kilipombana. Alienda hospitali kwa miguu yake, akarudi amebebwa.

Tulipotoka kumzika, mkwe wangu alisema mbele ya watu wote, jicho kavu: "Kiondoeni hicho chuma. Sitaki kukiona." Mwanangu mkubwa, ambaye ukimtuma maji huleta na ndoo ya jirani, akapata mnunuzi upesi, muuza maziwa wa mtaa wa pili, akamkabidhi na ufunguo kabisa, pesa ije baadaye.

Muuza maziwa akazunguka nayo mtaa mmoja, akarudi. Cheni imelegea, inapigapiga kama mlango wa choo. Fundi akaitwa, akamwaga oili ya zamani, akatia mpya, akakaza cheni. Muuza maziwa alipokuja kuichukua, kioo cha pembeni kikazunguka chenyewe, kikamwonyesha pua yake. Fundi akaitwa tena. Mara ya tatu, waya wa klachi umelegea, na cheni vilevile.

"Pikipiki mpya hulegea ikitembea," fundi alisema, macho kwangu. "Hii inalegea imesimama. Bibi, spana umeificha wapi?"

"Mwanangu, mimi hata kifuniko cha chupa nafunguliwa."

"Mama, acha utani," mkubwa akadakia. "Si wewe uliyeficha meno ya bandia ya marehemu baba siku ya wageni?"

Sikubisha. Aliyezoea kudokoa sukari, hata chumvi ikipotea huulizwa yeye.

Lakini safari hii sikuwa mimi, na nilikuwa nimeshaona kitu. Mkwe wangu alikuwa amekaa mlangoni akichambua maharage, na kucha zake zilikuwa na weusi ambao maharage hayana. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Na wa mume je? Huo nao naujua, nimezika wote wawili. Nikaona nikimuuliza atakana, na akishakana mbele ya watu chuma kitaondoka kweli, naye atabaki na maneno yake.

Nikamwinamia fundi, nikamnong'oneza: "Ikaze cheni mpaka inyooke kama kamba ya nguo. Usiniulize."

Akanitazama, akashika spana, akakaza. Mkwe wangu akaacha kuchambua. Fundi akakaza tena. Cheni ikatoa mlio mwembamba. Ungo ukaanguka, maharage yakatawanyika uani.

"Utaiharibu! Iachie nafasi ya kidole kimoja, ipande ishuke! Ikibanwa hivyo inakula meno ya gia!" Alikuwa ameshapiga magoti, ameshamnyang'anya fundi spana.

"Shemeji," mwanangu mkubwa akasema taratibu, "hayo umeyajulia wapi?"

"Redioni."

"Redio gani hiyo, dada, inayofundisha cheni?" fundi akauliza.

Machozi ambayo hayakutoka makaburini yalikuwa yakidondokea mikono yake yenye oili, naye analegeza nati kidogo kidogo, kama alivyoonyeshwa. Muuza maziwa akasogea, akatoa ufunguo mfukoni, akauweka juu ya tangi, akaenda zake bila kuaga.

Nikakaa chini karibu na mkwe wangu, magoti yangu yakilia kuliko cheni.

"Kwa hiyo, mwanangu, hiki chuma bado hutaki kukiona?"

"Sitaki, mama," alisema, na kidole chake kilikuwa chini ya cheni, kinaipandisha, kinaishusha.