Ndege Iliyotua Kati ya Matangi

Mtaa mzima wa Mowlem, Nairobi, hakuna aliyezijua ndege za vita vya zamani kumshinda Kavinya. Alizitambua kwa mlio tu, akiwa amelala, blanketi mpaka masikioni. Ukweli ni kwamba mlio aliowahi kuutambua ni mmoja, na siku ya kwanza alidhani ni posho mill ya jirani inayosaga mahindi.

Bibi huyu alishavuka themanini. Ukutani kwake picha za ndege zilimzunguka Yesu kulia na kushoto, hata pasta akija kumwombea hakujua afumbe macho au ajikinge kichwa. Alikuwa na hamu moja: kuweka kiganja juu ya bati la ndege ya namna ile, aone kama ni baridi au ni moto. Kwa hiyo ndege ilipoanza kutua kila jioni juu ya paa la ploti yao ya vyumba vya kupanga, nguo zikiwa bado kambani, aliona amepata haki yake.

Ilikuwa na injini mbili, rangi ya majani makavu, na magurudumu yenye matope ya manjano ambayo si ya Nairobi. Ilikaa kati ya matangi ya maji. Mapanga yake yalizunguka kimya, na shuka za kambani hazikuyakimbia, zilipepea kuyaelekea.

Muturi, keateka aliyeitunza ploti, aliyekuwa fundi wa lori na mpenda injini, aliwaagiza wapangaji waanue nguo mapema kwa sababu ya oili. Alimwonya Kavinya pia.

"Shosho, usisimame mbele yake. Mimi naipenda hii ndege, lakini siiamini."

Kavinya akapita kando, akaweka kiganja. Bati lilikuwa baridi, na lilikuwa likipumua.

Mbele walikaa Wazungu, kila mmoja na mkanda wake, majina yao yamepakwa rangi chini ya madirisha. Nyuma, kati ya masanduku, walikaa Waafrika sakafuni, bila mkanda wala jina. Mmoja alikuwa kijana, anachonga kijiti kwa kisu. Kavinya aliyajua masikio yale, maana ameyabeba mwenyewe maisha yake yote.

Baba yake, Makau, alichukuliwa vitani Kavinya akiwa bado tumboni. Baadaye jeshi lilileta habari kwamba ametoroka. Mama yake Kavinya alizeeka akichekwa kisimani.

"Asa," Kavinya akamwita, kama Mkamba anavyomwita baba.

"Naam, mama," kijana akaitika kwa adabu, kwa kuwa mbele yake alimwona bikizee. "Waambie watushushe. Tumechoka kukaa."

Kavinya akamwendea rubani, aliyekuwa chini ya bawa akinywa chai ya Muturi. Chai haikupungua kikombeni.

"Kule nyuma iko mizigo tu," rubani akamwambia. Mmoja wa mizigo akakohoa.

Alikuja pia bwana mmoja wa serikali na kamera. Akapima mabawa, akapapasa ribiti, akacheka peke yake kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Alipoonyeshwa walioketi nyuma alisema hao walishaamuliwa kuwa watoro zamani sana, na akamwomba Kavinya asogee, anaziba mwanga.

Sasa, mjukuu wake Munyoki alikuwa amepata mtoto wa kiume, na Kavinya alitaka aitwe Makau. Kwao ilijulikana kwamba marehemu akipata wa jina lake hupumzika, haonekani tena. Asiyempata hubaki njiani. Lakini jina halitolewi mpaka mkubwa wa nyumba akubali, na mkubwa ni kaka yake, Kyule, wa chumba cha chini. Kyule aliwahi kubebwa mabegani na Makau. Kavinya hakubebwa. Na Kyule alikataa katakata: jina la mtoro humpa mtoto miguu ya kutoroka. Basi mtoto akawa anaitwa Mgeni.

Kavinya alimsihi apande paani akajionee. Kyule akasingizia magoti. Akasema tangu ahamie hapa hajakanyaga ngazi ya pili, na juu kule hakuna kitu ila matangi.

"Baba alikimbia, Kavinya. Wewe umeona mawingu."

"Mawingu hayakohoi, mwana wa mama. Panda. Ukisema si yeye, mtoto mwite utakavyo, hata Muturi."

Muturi, aliyekuwa akipita mlangoni, alisema hana ubaya na hilo.

Kyule akapanda, anaguna kila ngazi, Munyoki amemshika mkono, Kavinya nyuma na mtoto kifuani. Jua lilikuwa linazama upande wa mjini. Ndege ilikuwa imeshatua. Kyule alisimama mlangoni mwa ndege, akatazama ndani kwa muda mrefu, kofia mkononi.

"Huyu simjui," akasema. "Uso huu sijawahi kuuona."

Mtoto alianza kulia, Kavinya akambembeleza.

Yule kijana aliweka kisu chini. Alimtazama mzee aliyetosha kuwa babu yake, kisha akasogea kidogo. Kando yake palikuwa na sanduku lililojaa vumbi, isipokuwa katikati, ambapo mbao zilikuwa zimesuguliwa zikang'aa kwa kukaliwa.

"Kyule," akasema, "leo umechelewa."